Maboga Hamsini ya Bi Sikitu

Katika nchi moja ambayo hamuijui, na mkisema mnaijua nitakana mbele ya polisi, kulikuwa na bwawa kubwa lililoitwa Bwawa la Fahari. Nchi yenyewe ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na bendera, wimbo, na Wizara ya Utulivu yenye ghorofa kumi na nane. Ukuta wa bwawa hilo haukuweza kupasuka, kwa sababu ulizinduliwa na Rais mwenyewe. Kando yake ulisimikwa ubao wa kupimia kina cha maji, lakini ubao huo haukuwa na namba. Uliandikwa SALAMA kwa rangi ya mafuta, kutoka juu hadi chini, ili maji yakifika popote yakute neno hilohilo.

Sasa, katika nchi hiyo walikuwapo watu arobaini na mmoja wenye kasoro ya kupenda kujitolea. Walitengeneza programu ya kompyuta iliyoitwa Kipimo, ya kupimia maji ya mito na mabwawa. Ilikuwa programu huria, yaani mtu yeyote aliruhusiwa kuifungua, kuona ilivyoundwa ndani, kuirekebisha na kuigawa bure, mradi tu asifute jina la aliyeianzisha. Serikali haikuitumia. Ilishakuwa na ubao.

Kila mmoja wa hao arobaini na mmoja alikuwa na blogu yake, na ili wasisumbuke kutafutana walikuwa na ukurasa mmoja walioupa jina la Jamvi. Jamvi lilizunguka lenyewe kila saa, likachukua kila kilichoandikwa kwenye blogu zote na kukitandaza mahali pamoja. Mwangalizi wake alikuwa Mwajabu Kiloko, karani wa maktaba ya chuo cha kilimo, mwanamke mpole mwenye ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuona watu wawili wakigombana bila kukimbilia kuandika kanuni.

Na mtu aliyependwa na Mwajabu kuliko wote pale Jamvini alikuwa Bi Sikitu. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Bondeni, chini kabisa ya ukuta wa bwawa. Ndiye aliyeandika maelekezo yote ya Kipimo kwa Kiswahili ambacho hata mwenye haraka alikielewa. Kila asubuhi aliandika kwenye blogu yake habari za shamba lake la maboga: lipi limechanua, lipi limeliwa na wadudu, lipi limepasuka kwa utamu. Kisha mwishoni aliweka mstari mmoja mfupi: "Chupa: dakika arobaini."

Watu elfu tatu wa Bondeni waliruka maboga yote wakaenda moja kwa moja kwenye mstari huo. Ukuta ulikuwa na ufa, na ufa ulikuwa unavuja. Bi Sikitu alikuwa anatega chupa ya soda chini ya ufa, anatazama saa yake ya mkononi, anahesabu inachukua muda gani kujaa. Walikuwa wamepatana, yeye na majirani, kwamba siku chupa itakapojaa kwa dakika tano, kila mtu atabeba godoro na watoto wake apande kilimani bila kuuliza.

* * *

Mambo yalianza na Chogero. Chogero alikuwa fundi hodari wa programu, kijana wa mjini aliyeamini kwamba chakula kinatoka dukani. Asubuhi moja alifungua Jamvi akitafuta habari za toleo jipya la Kipimo, akakuta picha ya boga.

"Naomba kuuliza," aliandika mbele ya wote. "Hili ni Jamvi la programu au gulio?"

Wakamvamia. Mmoja akasema maboga ni uhuru wa mtu. Mwingine akasema hata yeye amechoka, ila si na maboga, amechoka na mashairi ya fulani. Fulani akajibu. Kufikia saa sita mchana yalikuwapo maoni mia moja na kumi, na mtu mmoja alikuwa amejiuzulu cheo ambacho hakuwa nacho.

Mwajabu alimpigia simu Bi Sikitu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimewaona wanavyonijadili. Nimekuwa mtihani wa taifa."

"Usijali mwalimu. Naandika mwongozo, yaishe."

"Mwongozo wa nini?"

"Wa nini kiandikwe na nini kisiandikwe. Maneno machache tu."

"Mwajabu, nimefundisha miaka thelathini na mbili. Ukiandika kanuni ya kukataza kelele darasani, siku ya pili mwalimu mkuu anaitumia kukataza maswali."

Mwajabu alicheka. Nasema ukweli, alicheka, na baadaye angekumbuka kicheko hicho akatamani akimeze.

Mwongozo wake ulikuwa wa sentensi tatu. Andika lolote linalokuhusu wewe na kazi yetu. Usitukane. Usitangaze biashara. Maboga ya Bi Sikitu yalipita kwa sababu yalimhusu, na Chogero naye akaridhika kwa sababu ameandikiwa kanuni. Lakini watu wa programu huria wana mila yao, na Mwajabu asingeweza kuiacha. Kwao hakuna mkubwa wala kikao. Ukitaka jambo libadilike, unaliandika mahali pa wazi, watu wote walione. Zikipita siku tatu bila mtu kupinga, limepita. Kwa watu wenye shughuli nyingi na nia njema, mila hiyo iliwafaa miaka tisa. Kwa hiyo chini ya zile sentensi tatu Mwajabu akaongeza ya nne: "Yeyote anaweza kupendekeza marekebisho ya mwongozo huu, na asipopingwa kwa siku tatu, yatakuwa yamekubaliwa."

Alilitazama neno "yeyote" kwenye skrini, akaona fahari.

* * *

Nchini humo kulikuwa na sikukuu iliyoitwa Siku Tatu za Utulivu. Katika siku hizo Rais alihutubia taifa, na ili wananchi wasibughudhiwe wakati wa kusikiliza, mtandao ulizimwa nchi nzima, isipokuwa ndani ya jengo moja la ghorofa kumi na nane. Hotuba ilichukua siku zote tatu. Mwaka ule ilihusu umuhimu wa kusema kwa kifupi.

Mtandao ulipozimika saa mbili kamili asubuhi, mwongozo wa Jamvi ulikuwa na sentensi nne. Uliporudi siku ya nne, Mwajabu alifungua kompyuta yake pale maktaba, akakuta marekebisho mia mbili na kumi na nne, yote yamependekezwa saa mbili na dakika moja siku ile ya kwanza na mtu aliyejiita Yeyote. Pembeni ya kila moja paliandikwa: "Hakuna aliyepinga. Imekubaliwa."

Alisoma akiwa amesimama. Rekebisho la tisa lilisema kwamba anayetaka kupinga marekebisho atajaza fomu, na fomu inapatikana ana kwa ana makao makuu ya Wizara ya Utulivu, ghorofa ya kumi na sita. La kumi lilisema lifti haitumiki na wapingaji. La ishirini lilisema blogu zote arobaini na moja zitasomwa kupitia Jamvi pekee. La thelathini na moja lilisema andiko lolote lenye neno maji, ufa, ukuta, chupa au dakika litasomwa kwanza na Kamati ya Wizara. La arobaini lilimpandisha Mwajabu cheo kuwa Mwangalizi wa Heshima wa Jamvi, asiyesumbuliwa tena na nywila. Na la mia moja na mbili lilisema, baada ya kupitia mjadala wa wanajumuiya wenyewe, kwamba maboga yanaruhusiwa kikamilifu na yanahimizwa.

Chogero alimpigia simu. "Dada Mwajabu, nimeandika juu ya toleo jipya la Kipimo, wamekataa. Wanasema neno 'maji' limo mara kumi na saba."

"Ni programu ya kupimia maji, Chogero."

"Nimewaambia. Wakanishauri niandike habari za maboga."

Na akaandika, masikini. Kufikia mwisho wa wiki Jamvi zima lilikuwa limetanda maboga. Mafundi ambao hawajawahi kushika jembe waliandika juu ya mbolea. Aliyejiuzulu cheo alirudi na makala ndefu ya mbegu. Bi Sikitu peke yake, mwenye maboga ya kweli, andiko lake lilikaa foleni kwenye Kamati, kwa sababu mwishoni mlikuwa na mstari usemao: "Chupa: dakika kumi na tisa."

* * *

Mwajabu alipanda ngazi hadi ghorofa ya kumi na sita. Alipokelewa vizuri, hilo lazima niliseme. Mheshimiwa Daktari Lwitiko Mbonde, Msimamizi Mkuu wa Maudhui Stahiki, aliinuka kwenye kiti, jambo ambalo hakumfanyia mtu yeyote chini ya balozi.

"Mama wa Mwongozo!" alisema akifungua mikono. "Karibu, karibu. Ndugu yangu, sisi hapa tumehangaika miaka ishirini tukikataza watu kusema. Jasho, gharama, lawama za mataifa. Kumbe dawa ni kuwaruhusu kupinga, halafu kuhesabu siku! Umetufundisha. Bunge limeichukua sentensi yako ya nne kama ilivyo. Tangu Jumanne, kila sheria nchini inapita hivyohivyo."

"Mheshimiwa, ile sentensi ilikuwa ya watu arobaini na mmoja."

"Vitu vizuri havina budi kukua. Na usiwe na wasiwasi, leseni yenu tumeiheshimu. Tumesoma: jina la mwanzilishi lisifutwe. Halijafutwa. Kila sheria ina jina lako chini. Hata ile ya kuongeza muda wa Rais."

Mwajabu alishika ukingo wa meza. "Mheshimiwa, sikuja kwa ajili yangu. Kuna mwalimu Bondeni. Anapima ufa wa bwawa kwa chupa. Imetoka dakika arobaini hadi kumi na tisa, na leo asubuhi ameniambia kumi na mbili. Watu wanasubiri namba yake kwenye Jamvi. Wasipoiona hawataondoka."

Mheshimiwa alichukua kalamu, akakunja uso kitaalamu. "Chupa hiyo imesajiliwa?"

"Ni ya soda, Mheshimiwa."

"Soda ya rangi gani?"

"Ya... ya chungwa, nadhani."

"Nadhani," alirudia Mheshimiwa kwa huzuni, akaandika neno hilo na kulipigia mstari. "Unaona ugumu wetu? Taifa haliwezi kukimbia kwa sababu ya 'nadhani'. Nitaunda kikosi kazi cha chupa. Lakini kwa kuwa ni wewe, nakupa upendeleo. Mama huyo aondoe mstari wa mwisho, na maboga yake yatapita leo hii. Mstari mmoja tu, ndugu yangu. Tukikosana kwa mstari mmoja, tutaonekana watu gani?"

Mwajabu aliomba fomu ya kupinga. Aliambiwa fomu zimeisha, na kwamba anaweza kupinga kuisha kwake kwa kujaza fomu.

* * *

"Basi nitatoa mstari," alisema Bi Sikitu kwenye simu, na Mwajabu alishangaa kumsikia akicheka. "Kwani wamekataza kuhesabu maboga?"

Kesho yake Jamvini lilitokea andiko la Bi Sikitu, safi, halina maji wala chupa. Lilisifu mvua za wakati na likamalizia: "Leo nimechuma maboga kumi na moja." Bondeni hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliwapitia wachache mlango kwa mlango, nao wakaambiana, na tangu hapo kijiji kizima kikawa kinasoma maboga kama zamani kilivyosoma dakika. Kumi. Tisa. Tisa tena. Nane. Mwajabu alikuwa anafungua Jamvi kila asubuhi kabla hajavua mkoba begani. Kwa muda wa siku kumi alikuwa mtu mwenye furaha ya siri, na sitaki kumnyima furaha hiyo, maana ndiyo ya mwisho ninayoijua.

Kosa lilikuwa moja, na lilitokana na uzalendo. Wizara, ikiwa imehimiza maboga, ilianza kuyajumlisha. Mheshimiwa alitaka kumpelekea Rais takwimu za mavuno ya Jamvi. Chogero, ambaye hakuwa na hata mche mmoja, alikuwa anachuma maboga mia mbili kwa siku. Mavuno ya wote yalipanda. Mkulima mmoja tu alikuwa anashuka, siku baada ya siku, tena anaishi chini ya Bwawa la Fahari, kwenye udongo uliosifiwa na Rais kwa jina. Likaja rekebisho la mia mbili na kumi na tano: mavuno hayaruhusiwi kupungua. Kamati itasahihisha, mwandishi atajulishwa, na asipopinga kwa siku tatu atakuwa ameridhia.

Jumatano asubuhi Bi Sikitu aliandika: "Leo nimechuma maboga matano."

Jamvi likaonyesha: "Leo nimechuma maboga hamsini."

Mwajabu alisoma mara mbili. Kwanza alifurahi, kwa upumbavu, akidhani ufa umezibwa. Kisha simu ikaita.

"Mwajabu." Nyuma ya sauti ya mwalimu zilisikika sauti za watu na jogoo. "Nimeandika tano."

"Najua, mwalimu. Najua. Wamebadilisha."

"Nimepita nyumba kwa nyumba tangu saa moja. Nawaambia bebeni magodoro. Wananionyesha simu zao. 'Mwalimu, umeandika mwenyewe hamsini, jina lako hili hapa.' Nawaambia si mimi. Wanasema, 'Mwalimu, pumzika, umri umeenda.' Mmoja ameniletea kiti."

"Panda wewe kilimani. Sasa hivi. Nakuomba."

"Nimewafundisha hawa watu kusoma, Mwajabu. Nusu ya kijiji hiki. Niliwaambia kilichoandikwa kina uzito kuliko cha kusikia. Napima tena, naandika tena. Sasa hivi nitaandika wazi, bila boga. Wewe huko kwako ukiweza kulipitisha, lipitishe."

Mwajabu alijaribu, wala msifikiri hakujaribu. Nywila yake haikufungua kitu. Ilimkaribisha kwa jina na cheo cha heshima. Alipiga simu Wizara akawekewa wimbo wa taifa, beti zote. Alimpigia Chogero. Chogero alifanya kazi saa tano mfululizo akitafuta upenyo wa kuingia Jamvini, akaishia kulia kwenye simu, kwa kuwa Jamvi alilijenga yeye mwenyewe na alilijenga imara. Mwajabu alipigia simu kituo cha polisi cha karibu na Bondeni. Askari aliyepokea alikuwa mwungwana, akafungua Jamvi, akasoma, akamwambia, "Mama, mbona mavuno ni mazuri?" Mwisho Mwajabu alikimbilia kituo cha mabasi kwa miguu. Basi la Bondeni lilikuwa limechukuliwa kubeba wajumbe wa kikosi kazi cha chupa, ambao nao walikuwa bado hawajateuliwa.

Alikaa kwenye benchi la kituo, mikono mapajani. Hakuna alilokuwa hajalifanya, na hakuna lililosaidia.

* * *

Alhamisi saa nane mchana redio ya taifa ilikatiza muziki. "Bwawa la Fahari," mtangazaji alisema kwa bashasha, "leo limepanua huduma zake hadi Bondeni. Wananchi wote wa eneo hilo sasa wamefikiwa na maji. Hakuna aliyelalamika."

Wimbo uliokatizwa ukaendelea pale ulipoishia. Mwajabu alikuwa maktaba, amebeba vitabu vya mtu aliyekuja kuazima. Aliviweka chini kimoja kimoja. Alipiga namba ya mwalimu, akapiga tena, na aliendelea kupiga siku ile yote na siku zilizofuata, hata alipokwisha kuzoea kile kimya kinachotangulia kabla ya kuambiwa mteja hapatikani.

Jumamosi asubuhi Jamvi lilimtumia ujumbe, kwa heshima ya cheo chake. Andiko la mwisho la Bi Sikitu, la Jumatano, lilikuwa limemaliza siku zake tatu kwenye Kamati. Ujumbe ulionyesha pande zote mbili, kwa ajili ya uwazi. Upande wa kushoto ni alichoandika mwalimu: "Chupa inajaa kwa dakika moja. Ondokeni, msinisubiri." Upande wa kulia ni kilichosahihishwa: "Bondeni maji ni tele. Karibuni, tunawasubiri."

Chini yake Mwajabu alitafuta kitufe cha kupinga. Kilikuwapo. Alikibonyeza, kikamwambia kwamba haki ya kupinga ni ya mwandishi pekee.

Akabaki anatazama. Saa tatu na nusu andiko la kulia lilipanda juu kabisa ya Jamvi, likakaa juu ya maboga yote, na picha ya mwalimu akitabasamu shambani pembeni yake. Pakaandikwa: "Mwandishi hajapinga. Mwandishi ameridhia." Na chini ya hapo, kwa herufi ndogo, kama leseni ya programu huria inavyotaka: "Kanuni hii ilianzishwa na Mwajabu Kiloko."